Kurasa Ambazo Badawy Hakufungia Nyama

Wa kwanza kupatikana alikuwa Zephaniah. Immaculate akapuliza vumbi usoni pa picha, akapitisha kidole kwenye majina ya watoto mara mbili, akauweka ukurasa kando. Jina lake halikuwemo.

Alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, nyuma ya duka la mzee Badawy pale Voi mjini, na maboksi sita mbele yake. Badawy huwauzia wenye bucha na wakaanga mihogo magazeti ya zamani ya kufungia. Ila ana ukaidi wake tangu ujana: ukurasa wenye picha za marehemu hautoki dukani. Huuchomoa kwanza. Anasema hawezi kumfungia mtu maini kwa uso wa baba wa watu. Basi kurasa zimejikusanya miaka thelathini na tano, na mkewe, Mwanarusi, amesema mpaka amechoka.

Immaculate alikuwa na miaka arobaini. Mamake, Dinah, walimzika Kishushe mwezi wa Agosti, naye hakutoa chozi hata moja. Watu wakasema amejikaza. Wapi! Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani, na ganzi hiyo haikuwa imemtoka.

Siku mbili kabla ya kukata roho, mama alimwambia neno alilokuwa amelibana miaka yote. Kwamba baba yake ni mmoja wa wale ndugu watatu wa kina Mwabili, wale wa jeshi, na kwamba jina hili la Immaculate ni huyo baba aliyempa. Immaculate akamuuliza ni yupi kati ya hao watatu. Mama akageukia ukutani, wala hakuzungumza tena.

Boma la kina Mwabili kule milimani lilikuwa limeuzwa zamani. Majirani walikumbuka sare na buti, basi. Hapo ndipo mtu mmoja alipomtajia maboksi ya Badawy.

Na si kumjua baba tu. Alitaka kujua kama aliwahi kuhesabiwa. Matangazo ya vifo ya huku kwetu hayaachi mtu nyuma: mke, watoto, wakwe, wajukuu, walio hai na waliotangulia, hadi yule wa nje ambaye familia ingependa asionekane.

Maana kuna siku moja aliyokuwa bado anaikumbuka. Akiwa na miaka sita hivi, mwanajeshi alifika kwao kwa miguu, kutoka barabarani ambako gari hupita mara moja kwa siku, au lisipite. Mama alimsukuma jikoni, akamwambia akae kimya kabisa, mtu huyo huja kuchukua watoto. Immaculate akachungulia kwenye tundu la ukuta. Aliona mgongo tu. Yule mtu hakuingia nyumbani. Alisimama na mama nyuma ya ua wa minyaa, pale penye mawe alipofukiwa ndama wao, wakazungumza wakiyatazama yale mawe. Jua lilikuwa kali, lakini alikuwa ameshika kofia mkononi. Kisha akaenda zake, na mama akapika uji kama siku nyingine yoyote.

Uchungu ulimwingia baadaye, alipopata akili. Mtu atembee njia yote ile, afike mpaka uani, halafu asiseme nionyesheni mtoto? Kila Krismasi alilirudia swali hilo, na kila Krismasi alimchukia zaidi mtu asiyemjua sura.

Boksi la nne likamtoa Noah. Huyu alikuwa mwanamaji, hakuoa, na tangazo halikutaja mtoto yeyote. Lilimtaja kaka yake, marehemu Zephaniah, na mdogo wake, Festus wa Nanyuki. Immaculate akaukunja ukurasa taratibu. Amebaki mmoja. Kama hayumo kwa Festus, basi hayumo popote.

Mzee Badawy akamletea kahawa kwenye kikombe kidogo, akasimama akimtazama.

"Pumzika, mwanangu. Hawa hawana haraka."

"Mimi ndiye mwenye haraka, mzee."

"Na usipojiona?"

Akafikiri kidogo. "Basi nitajua hakunihesabu. Nitarudi nyumbani nilale."

 Badawy akarudi mbele kumpimia mteja sukari.

Festus alikuwa chini kabisa ya boksi la tano, ukurasa umeliwa na mende pembeni. Alikuwa amevaa sare, medali tatu kifuani, kofia ameipakata. Immaculate akaanza na masikio. Ndewe, zile ncha za chini, zilikuwa zimeshikana na taya, zile zile zilizomfanya achekwe shuleni miaka yote, na ambazo mama hakuwa nazo. Akangoja moyo umwende mbio. Haukwenda. Akashuka na kidole: amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi, mume wa fulani, ndugu wa marehemu Zephaniah na marehemu Noah. Akafika kwenye watoto. Kidole kikasimama.



"Umo?" Badawy akauliza kutoka mlangoni.

"Nimo, mzee."

"Alhamdulillahi. Hebu nisomee."

Akamsomea kwa sauti ile ile, bila kuinua macho: "Baba mpendwa wa Lewis, wa Gertrude, na wa marehemu Immaculate wa Kishushe, aliyemtangulia akiwa bado mtoto."