Komeo la Nje

Fundi alichora kwa chaki kimraba kidogo juu kabisa ya ukuta wa chumbani, karibu na dari.

"Fundi, umeamka na pombe?" mwenye nyumba alicheka. "Nilisema dirisha kubwa la kutazama bustani na majirani. Nisipojua nani kaolewa na nani kaachwa, nitapasuka!"

Fundi hakucheka. "Mama, nafuata mchoro. Mzee kaurekebisha jana. Hata bustani haimo tena mchoroni, ukuta utapita hapa hapa nyuma."

Mwenye nyumba akaipokea karatasi ya mchoro. Ulikuwa mwandiko wa mumewe, nadhifu kama wa mwalimu. Kwenye mlango wa chumba kulikuwa na kialama chekundu, kimekolezwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Na hiki ni nini?"

"Komeo." Fundi alijifuta chaki vidoleni, kimoja kimoja. "Nilimuuliza mara mbili, mama. Kasema likae upande wa nje."

Geti likafungwa kwa kishindo, kisha ukasikika mlio wa buti la gari likifungwa.

"Fundi!" mumewe aliita kwa furaha. "Mama kakipenda chumba chake?"

"Bado anakikagua, mzee!" fundi alijibu, huku akiiondoa taratibu ngazi iliyoziba mlango wa nyuma.