Kitabu Chepesi cha Uchanganuzi Fanksheni

Maktaba ya chuo ilikuwa na vitabu viwili tu vya uchanganuzi fanksheni, somo gumu la hisabati. Kile kigumu hakikugusa kitu chako, ila karibu kila aliyekisoma alitoka kapa. Kile chepesi kilieleweka palepale, maana mifano yake yote kiliichota kwenye kumbukumbu za msomaji. Kumbukumbu ikishageuzwa mfano, hairudi tena.

"Chukua kigumu, mwanangu," mama yake alimsihi Tumsifu. "Akili unazo."

"Nimeshafeli mara mbili, mama. Ya tatu wananifukuza."

Akachukua chepesi. Ndani ya wiki moja, anga za kihisabati zenye vipimo visivyo na mwisho alizijua kama vyumba vya nyumba yao, na kwenye mtihani akaongoza darasa zima.

Mama alipika pilau, akaisimamisha mezani picha ya marehemu mumewe. "Leo baba yako angecheza mdumange hapahapa sebuleni," alisema akijifuta machozi kwa kanga. "Si unakumbuka alivyokuwa akijikwaa makusudi ili ucheke?"

Tumsifu aliitazama picha kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

"Kumbe alikuwa mcheshi, eh?"

 Mama aliilaza picha kifudifudi, akaendelea kupakua.