Mlango Usiojua Lakabu

Kumbukumbu za wakazi zilipohamishiwa mfumo mpya, lakabu zote zilifutika. Bi Shangwe, aliyejulikana kwa lakabu hiyo tangu utotoni, akazuiwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe.

“Shangwe hayumo kwenye kumbukumbu,” mlango ulisema.

“Mama, jina lako la kuzaliwa nani?” binti yake Rukiya aliuliza. Mvua ilikuwa ikiwanyeshea.

“Waliolijua wamekufa, mwanangu.”

Mama alitetemeka kwa homa. Rukiya akamnong'oneza, “Sema wewe ni Rukiya.”

Akasema. Mlango, uliopitisha mtu mmoja mmoja, ukampokea, ukajifunga.

Rukiya naye akajitaja.

“Rukiya yumo ndani.”

Ndani, Bi Shangwe alipiga kelele, “Mfungulie! Huyo ni mwanangu!”

“Rukiya hana mtoto,” mlango ulimjibu, ukazima taa ya nje.