Swichi ya Siri

Kitu cha kwanza alichokiona Mwajabu ni kwamba pini ya loki kwenye mlango wa abiria ilikuwa imekatwa kwa msumeno.

"Juzi mke wangu aliruka kutoka garini kwenye foleni akakimbilia kwao," alisema mwenye gari. "Nifungie alamu, fundi. Mlango wake usikilize rimoti yangu tu."

Mke mwenyewe alikuwa ameketi palepale garini, kapakata mkoba. Mwajabu alipiga magoti miguuni pake, akaunganisha nyaya za alamu na mota za loki. Ikabaki swichi ya siri, ile ya kufungulia milango rimoti ikifa, ambayo fundi humwonyesha mwenye gari peke yake. Mwajabu aliificha chini ya kiti cha abiria. Kisha akauvuta taratibu mkono wa yule mke, akaugusisha hapo. Vidole vilikuwa baridi.

Mume akaingia, akabonyeza rimoti. Milango yote ikajifunga.

"Haya, ruka tena tuone!"

Mke akavuta kitasa. Mlango haukufunguka. Mume akacheka mpaka akakohoa.

"Na swichi ya siri umeiweka wapi, fundi?"

"Hizi za siku hizi haziji nayo, bosi," alisema Mwajabu.

Mume akawasha gari. Mke akainama kama anayeokota kitu, na loki zote nne zikafyatuka.

Hakukimbia. Mguu mmoja ulikuwa tayari chini, lakini aligeuka akamtazama mumewe usoni.

"Sikutaki, Kibwana," alisema. "Sijawahi kukutaka."