Pumzi Chini ya Sakafu

Sakafu ya chumba cha mama ilikuwa ikipumua. Fundi alilala kifudifudi, akabandika sikio kwenye saruji. Pumzi ndefu, yenye mluzi, ilivutwa, ikaachiwa.

"Si nilikwambia?" mama yake alisema kutoka kitandani. "Ni baba yako."

Mzee alikuwa mchimbaji wa mafuta, na mapafu ndiyo yaliyomuua, humo humo chumbani. Kweli, kifua chake kilipiga mluzi namna hiyo. Lakini fundi hakuwa mtu wa kuamini mizimu. Ng'ambo ya barabara, kwenye visima vilivyochoka, yeye na wenzake walishindilia ardhini hewa ya ukaa iliyotoka kiwanda cha mbolea. Ikishuka, ilisukuma juu mafuta yaliyogoma kutoka, kisha ikabaki huko huko chini badala ya kupanda angani. Ni kazi aliyojivunia. Sasa alihofia kwamba imepata ufa unaopita chini ya nyumba yao, nayo haina harufu. Humkuta mtu usingizini, basi tena.

Kipimo chake kilionyesha hewa safi. Alikigongagonga, akakilaumu kwa uzee.

Kwa muda mrefu alikuwa amembembeleza mama ahamie kwake, naye akashikilia kwamba hawezi kumwacha mzee peke yake. Safari hii fundi hakubishana. Alitoka uani, akampigia simu mwenzake wa zamu azime pampu ya kushindilia hewa. Aliporudi alimkuta mama amepiga magoti, akiinong'oneza sakafu.

Punde mluzi ukakatika. Chumba kikawa kimya hata masikio yakauma.

"Umeona, mama? Ilikuwa pampu tu."

Mama hakubisha. Alijipangusa magoti, akafungasha nguo zake, akasema yuko tayari. Fundi alishusha pumzi, ingawa alishangaa kidogo mama alipokataa kiti cha mbele garini.

Walikuwa wameshaingia barabara kuu simu ilipolia. Mwenzake aliomba radhi. Swichi ilikuwa imekwama; pampu haikuzimika hata kidogo, na mpaka sasa ilikuwa ikiunguruma.

"Vipi huko, mluzi umezidi?"

Fundi aliishusha simu. Nyuma ya kiti chake mtu alivuta pumzi, ndefu, yenye mluzi.

Kwenye kioo alimwona mama akisogea dirishani, kumpisha mtu akae vizuri.