Tabo au Silinda Nane

Mzee Ambilikile aliingia yadi ya magari, akaona nani yuko kwenye usukani, papo hapo akageuka akautazama ukuta. Akasimama hivyohivyo, kofia mkononi, kama mtoto aliyepewa adhabu darasani.

Ndani ya gari, Tusajigwe naye akajifunika kitenge kichwa kizima, akapandisha vioo. Lakini hakushuka.

"Haya tena," Mudathiri alijisemea. Yadi ilikuwa yake. Katoka Tanga juzijuzi tu kuja kuuza vipuri hapa Kyela, na tangu kila mwenye uwezo aruhusiwe kuagiza gari Japani, kaachana na vipuri kaingia kwenye magari yenyewe. Biashara aliijua. Watu wa huku, bado.

Na mashangingi yenyewe sasa! Mawili, meupe, ukiyaona utasema mapacha. Tofauti iko chini ya boneti. Moja la petroli, silinda nane, ukigusa eksela linaruka. Lingine la dizeli, lina tabo ya kuipulizia injini hewa: linachelewa kuamka, ila likiamka linang'oa hata kisiki. La dizeli ndilo ghali.

Tusajigwe alikuwa pale tangu asubuhi. Nyumba ya wageni ya Matema ilikuwa imemwambia, leta gari inayopita masika, kazi ya kubeba wageni ni yako. Leo ikipita, tunampa Hebroni. Na ndugu wa marehemu mumewe walishasema la kwao: bila kazi ya kueleweka, arudi kwao Ndandalo, watoto awaache.

Hebroni mwenyewe alikuwepo, kaegemea pikapu yake, anasubiri kucheka.

"Mama, chukua ya petroli," alisema. "Ina viti vya ngozi, utaendea harusini."

"Harusi yangu nilishaimaliza," sauti ilitoka kwenye upenyo wa kioo. "Natafuta ya kupita kwenye tope. Hiyo pikapu yako inapitaga?"

Hebroni akatazama pembeni. Pikapu yake ilikuwa imelala siku mbili kwenye tope wiki iliyopita, na mji mzima ulijua.

Mudathiri akamfuata mzee pale ukutani. "Shikamoo, mzee wangu. Geuka basi uone mali."

"Marahaba. Hapa nasikia vizuri tu. Mwambie huyo dereva aziendeshe zote mbili, moja moja."

Mudathiri akapeleka ujumbe. Tusajigwe alijibu kwa kunong'ona, ila kunong'ona kwa hasira.

"Mwambie sikungoja kutumwa. Nilikuwa naenda kuziendesha hata hivyo."

Nyuma ya yadi kuna njia inayokatiza majaruba ya mpunga, na mvua ilikuwa imeijaza maji. Akaanza na ya petroli. Iliondoka kwa mbwembwe, ikamrushia Hebroni tope hadi kwenye kola. Ilipofika katikati maji yakapanda, ikakohoa mara mbili, ikazima. Anyitike, fundi wa yadi, akaenda kuisukuma, na Hebroni na shati lake lile akaitwa kusaidia.

Tusajigwe alirudi kwa miguu kuchukua ya pili. Alikatiza yadi mbio, kainama, kitenge kimefunika uso. Mzee alimsikia akipita, akazidi kujibana na ukuta. Mudathiri akatikisa kichwa. Chuki gani hii ya watu wazima?

Ya tabo iliondoka taratibu. Ikaingia majini ikinguruma kwa chini, ikavuka, ikageuza ng'ambo, ikarudi. Haikubadili hata sauti.

"Hiyo," mzee aliuambia ukuta. "Naichukua."

Mudathiri alikimbia kwenye gari kabla halijasimama vizuri. "Mama, mzee yule anaitaka hii."

Tusajigwe akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mwambie ni yangu. Najua hela niliyonayo inatosha ile ya petroli tu, iliyobaki utaipata mpunga ukivunwa. Sishuki. Na hao waliomtuma waambiwe hivyohivyo, sishuki. Wakiitaka waivute na mimi nikiwa ndani."

Anyitike, mzaliwa wa hapohapo Kyela, alikohoa kidogo, akaendelea kufuta boneti ya gari jingine, ambayo ilikuwa inang'aa tayari.

Mudathiri alirudi ukutani. Huruma yake ilikuwa kwa mwanamke. Lakini mzee keshatoa bahasha nene kwenye koti, kainyoosha nyuma ya mgongo bila kugeuka, na ya dizeli ililipika yote, taslimu. Mudathiri akafungua kitabu cha risiti. Akashindwa kujizuia.

"Mzee wangu, samahani sana. Umemshinda mjane wa watu, sawa, ni biashara. Lakini hata kumtazama? Tangu umeingia unamgeuzia mgongo. Amekukosea nini?"

"Andika risiti, kijana."

"Naandika. Jina?"

"Tusajigwe."

Kalamu ikasimama.

"Waliosema arudi kwao ni wanangu," mzee alisema. "Mimi sijasema. Andika."

Mudathiri akaandika.

"Huyo ni mke wa mwanangu, na kwetu baba mkwe hamtazami mkwewe," mzee alisema, uso bado uko ukutani. "Sasa kampe hiyo karatasi. Halafu nitazamie wewe uje uniambie, anacheka au analia?"