Korongo wa Tana

Koome alipuliza filimbi mara ya tatu na bado hakuna aliyegeuka. Upande wa pili wa ukumbi wa Galbet, vijana arobaini walikuwa wamesimama kwa mguu wa kulia. Ule wa kushoto waliuinua mbele, umenyooka na kukakamaa, huku wakirukaruka na kupiga ngumi hewani. Upande wake walikuwa saba, na wawili kati ya hao walikuwa wakiwatazama wenzao kwa jicho la kutamani.

Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha kung fu katika kaunti hii, tangu alipoletwa Sangailu akiwa mwalimu kijana wa hesabu mpaka alipohamishiwa mjini. Kila hatua aliyoifundisha aliipokea kwa mwalimu wake na hakuitia chumvi hata chembe. Leo anatokea Deeq, muuza simu, na kitu anachokiita Korongo wa Tana, na mji mzima unamkimbilia.

Korongo gani huyo? Mtindo wa korongo Koome aliujua, na haukuwa huu. Hakuna kung fu duniani ambayo mtu hupigana pambano zima bila kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Aliwaambia wazazi, akawaambia walimu wenzake wakati wa chai mpaka wakaanza kumkwepa. Vijana wa Deeq walimjibu kwamba kila mtindo ulianza siku moja, kwamba hata Wachina walibuni yao. Jibu hilo lilimkera kuliko matusi, maana walilisema kwa upole.

Kisha ofisi ya michezo ikatangaza kwamba itasajili darasa moja tu la kung fu, na ukumbi utakuwa wa darasa hilo. Koome aliketi akaandika barua ya kurasa tatu. Aliomba kila mwalimu amtaje aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, mpaka kwenye shina, kama Wasomali wanavyohesabu mababu zao. Na yeyote atakayeonekana kuwa ndiye aliyeuanzisha upuuzi huu wa kurukaruka, apigwe marufuku kufundisha katika kaunti nzima. Alikuwa na hakika kwamba shina la Deeq ni video ya kwenye simu.

Barua hiyo ilimpendeza sana Barwaqo, ofisa wa michezo. Aliwaita wote wawili ofisini Jumatatu asubuhi.

"Hii mwalimu ameandika maneno ya kwetu kabisa," alisema. "Mtoto wetu wa miaka saba anataja babu zake kumi bila kusimama. Mtu hajui ametoka wapi, mimi nitamsajili namna gani?"

Deeq aliomba dakika moja, akamvuta Koome kando barazani. Jasho lilikuwa likimtoka ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Mwalimu, nakuomba. Hiyo barua ondoa. Ukumbi chukua wewe, mimi nitapeleka watu wangu kule mtoni."

"Ukumbi nitauchukua," Koome alisema, "lakini kwanza utaje."

"Hii maneno si mzuri kusemwa mbele ya watu."

Alitaka kuendelea, lakini Koome alikuwa ameshaingia ndani. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi moyo wake ulikuwa mwepesi. Mtu mwenye haki hatoki jasho asubuhi.

Alitaja ukoo wake akiwa amesimama wima. Yeye alifundishwa na Mwiti, kule Maua. Mwiti alifundishwa na mhandisi Mchina aliyekuja kujenga barabara, naye mhandisi alifundishwa na babu yake mzaa baba. Barwaqo aliandika yote, akatingisha kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia Deeq.

Deeq alitazama sakafu. Koome akaanza kukunjua nakala ya barua yake, aonyeshe mstari wa marufuku.

"Sema, walaal, ndugu yangu," Barwaqo alimhimiza.

"Mimi nimefundishwa na Ruweyda wa Balambala," Deeq alisema taratibu. "Ruweyda alifundishwa na mjomba wake, Kadar. Huyo alikuwa mchunga ng'ombe wa Sangailu."

Koome alishindwa kujizuia. Alisema kwamba sasa kila mtu amesikia, mtindo wenyewe umebuniwa na mchunga ng'ombe.

"Hapana, mwalimu. Kadar hakubuni kitu." Sauti ya Deeq ilishuka. "Alikuwa anasimama nje ya ua ya shule, muhula mzima, anaangalia mwalimu akifundisha watoto. Kila kitu ameona, ameshika. Hajaongeza, hajapunguza. Na sisi tumeshika kama yeye. Ni Ruweyda tu ametafuta jina, amesema labda ni korongo."

"Na huyo mwalimu alikuwa anaruka kwa mguu moja kwa nini?" Barwaqo aliuliza.

"Ule mwingine ulikuwa umevunjika. Plasta mpaka huku juu ya goti. Lakini hakukubali watoto wakose somo."

Barwaqo alicheka kidogo, akavuta barua ya Koome karibu na kuchukua kalamu, tayari kuandika jina la mtu wa kupigwa marufuku. Aliuliza huyo mwalimu aliitwa nani.

Deeq alifunga mdomo na hakuufungua tena. Ilibidi Koome alitaje jina lake mwenyewe.